Kwa mgeni wa Dodoma anayeyumba kiimani

Mdogo wangu uliyepangiwa UDOM, St. John's au chuo kingine cha hapa mjini, na wewe mtumishi uliyehamishiwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, familia ikabaki Dar es Salaam: haya ni maneno ya mama mlezi wa ushirika wa wanafunzi. Kila mwaka, vyuo vikishafunguliwa na mvua ikiwa bado inasubiriwa, hakosi mtu anayengoja wenzake watoke ibadani ndipo asogee na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, naona kama siamini tena." Mara nyingi ni yule aliyekuwa mwenyekiti wa UKWATA au TYCS, vyama vya wanafunzi wakristo, shuleni, au mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kwao. Anaona haya kama mtu aliyefumaniwa.

Wala hakuna la kumfanya aone haya. Kule nyumbani imani yake ilibebwa na watu wengi: mama anayeamsha nyumba nzima alfajiri kwa sala, katekista anayemwita kwa jina, zamu ya kufagia kanisa Jumamosi. Hapa hakuna anayejua kama Jumapili ulikwenda ibadani au ulishinda unafua. Sasa unaibeba peke yako, na unahisi uzito ambao hukuwahi kuuhisi. Uzito huo si dalili kwamba imani yako ilikuwa ya uongo.

Kabla ya kutafuta dawa, jua kinachokuuma. Mimi humuuliza kijana kwanza kama amekula, na analala saa ngapi. Wengine hucheka wakidhani nakwepa mada. Lakini bumu, yaani fedha ya mkopo wa chuo, likichelewa, mtu akashindia chai na andazi wiki nzima, akakesha na asainimenti, Mungu ataonekana mbali hata kwa mtakatifu. Msome Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu. Na ikiwa giza halitoki hata ukila na kulala, ikawa huoni sababu ya kuamka, nenda ukaonwe na daktari. Mji huu una Mirembe, hospitali ya afya ya akili ambayo Watanzania wengi huitaja kwa mzaha tu. Kwenda kutibiwa huko hakukuondolei ukristo wako.

Shaka nyingine kwa kweli ni kinyongo. Mtu anasema hamwamini Mungu, ukimsikiliza kwa utulivu unakuta kuna kiongozi wa kanisa aliyemuumiza, au mchango wa harusi ulioliwa na kamati, au mchumba aliyesema Bwana amemwonyesha mwingine. Hayo yana uzito wake, na yanadai haki na msamaha. Ila usimfukuze Mungu kwa kosa la mhasibu.

Kisha yapo maswali yenyewe. Kwa nini watoto wanakufa? Mwanzo sura ya 1 isomwe vipi na mwanafunzi wa baiolojia? Nani aliamua vitabu gani viingie kwenye Biblia? Maswali hayo yana historia ndefu na watu wameyafanyia kazi kwa karne nyingi, kwa hiyo usiridhike na jibu la sentensi moja la mwenzako wa chumba, wala na klipu ya mtandaoni, iwe ya mhubiri au ya anayempinga mhubiri. Mtafute mchungaji au padri aliyesoma. Kule Msalato tu kuna chuo cha theolojia. Mwombe kitabu, kisome, rudi umbishie. Padri atakayekukasirikia kwa sababu umeuliza, mwache kwa heshima utafute mwingine. Na ujue kwamba Biblia yenyewe inauliza kwa ukali kuliko wewe. Habakuki anaanza kwa kumlalamikia Mungu kwamba analia na hasikilizwi. Yohana Mbatizaji, aliyembatiza Yesu kwa mikono yake, alituma watu kutoka gerezani kumuuliza kama kweli ndiye, au wamtazamie mwingine. Hata pale mlimani mwishoni mwa Mathayo, wanafunzi walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Na ni hao hao waliotumwa, wenye shaka wakiwemo.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanasema: nikishapata majibu yote nitaamini, nikishaamini nitaanza kuishi kikristo. Katika Yohana 7:17 Yesu anapanga kinyume: mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu, atajua habari ya mafunzo haya kama yanatoka kwa Mungu. Kutenda kunatangulia. Ninyi mliokulia mjini huenda hamjaona wakulima wa huku wakipanda uwele na mtama shamba likiwa kavu, mvua ya kwanza haijanyesha. Mkulima yule hana hakika na mvua. Anachojua ni kwamba mbegu ikibaki ghalani, mvua ikija haitamfaa kitu.

Kwa hiyo shika kile kipande ambacho bado unakiamini, hata kama ni kidogo, ukifanye wiki hii. Huenda huna uhakika na ufufuo, lakini huna shaka kwamba kunakili kazi ya mwenzako ni wizi. Basi andika yako, hata ikikuletea sapu, yaani mtihani wa marudio. Lipa lile deni la elfu kumi. Mpigie baba simu hata kama mliachana vibaya. Sali sala fupi ya yule baba wa Marko 9, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," kwa sababu sala hiyo haikulazimishi kudanganya. Yesu hakumrudisha yule baba nyumbani akaongeze imani kwanza. Mtoto wake aliponywa palepale.

Wanaosoma St. John's wana mfano chini ya miguu yao. Eneo lile zamani lilikuwa Shule ya Sekondari Mazengo, na kabla ya hapo Alliance. Katika miaka ya 1940 alikuja kufundisha pale mwalimu kutoka Kigezi, Uganda, jina lake Festo Kivengere, ambaye baadaye, mwaka 1972, alifanywa askofu wa Kigezi. Kivengere aliipokea imani akiwa mtoto, akaiacha akiwa mwalimu kijana, akanywa sana, kisha akarejea wakati wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Baada ya kurejea hakuanzia kwenye mimbari. Alipanda baiskeli, akaenda kumwomba msamaha Mzungu ambaye yeye mwenyewe alikuwa anamchukia. Hilo ndilo ninalowaambia vijana wanaodhani imani itarudi kwa hisia kubwa usiku wa mkesha. Huenda ikarudi njiani, ukiwa unaenda kumuomba mtu msamaha huku hutaki.

Sasa habari ya jumuiya. Jiandikishe mapema, kabla mitihani haijaanza kukukimbiza, kwenye ushirika wa wanafunzi: TAFES, USCF, CASFETA, TMCS, kadiri ya kanisa lako, au jumuiya ya mtaa unaoishi. Binafsi napenda jumuiya ya mtaa kuliko ushirika wa chuo, ingawa mimi ni mlezi wa ushirika, kwa sababu mtaani utakaa na bibi aliyezika wanawe na bado anaimba, na mwendesha bodaboda asiyejua kozi yako inaitwaje. Tomaso alipokataa kuamini, siku nane baadaye alikuwa bado yupo chumba kimoja na wale kumi. Hawakumfukuza, naye hakususa. Ingekuwa amesusa, angekosa kuonana na Bwana kwa mara ya pili kama alivyokosa ya kwanza.

Mtumishi wa Mtumba, wewe nina neno lako peke yako. Ukipanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam kila Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku, utakuwa mgeni kwenye makanisa mawili. Sisemi uiache familia. Tafuta ibada ya katikati ya wiki au jumuiya ya jioni karibu na unapopanga, Ihumwa, Nzuguni au popote, na uombe zamu: kupanga viti, kusoma neno, chochote kitakachofanya watu waulize uko wapi usipofika.

Jihadhari na mtu atakayekuambia shaka yako ni pepo, na tiba yake ni chupa ya mafuta ya upako kwa bei maalumu, au sadaka ya mbegu inayolingana na ukubwa wa tatizo. Mgeni mpweke mwenye bumu mfukoni ni windo jepesi. Anayekutaka uache dawa za hospitali, au ukate mawasiliano na wazazi, ondoka hapo siku hiyo hiyo, hata kama umeona miujiza.

Mwakani utakuwa wewe ndiye mwenyeji, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakufuata wewe badala ya kunifuata mimi, kwa sababu wewe ni kijana mwenzake. Yuda anaagiza katika barua yake fupi kwamba wenye shaka wahurumiwe. Mpe ugali kwanza. Msikilize hadi amalize, hata akisema mambo ya kukushtua. Usimpe mistari kumi. Kama hujui jibu, mwambie hujui, mkamuulize mtu pamoja. Na Jumatano kwenye maombi, wakati watu wanataja mahitaji yao, usilitaje jina lake wala usimzungukie kwa mafumbo, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu.