Mesej zinaungana kwenye TCP, usleep haitakuponya

Swali: Nimeandika programu ya chati kwa C. Kwenye laptop yangu inapiga kazi fresh, nikiipeleka seva ya mbali mesej mbili zinafika zimeungana, au moja inakatika katikati. Jamaa kaniambia niweke usleep (programu isubiri kidogo) kila baada ya send, tatizo likapungua ila halijaisha. TCP (itifaki ya kusafirisha data mtandaoni) inapoteza data?

Jibu: Haijapoteza hata baiti moja, na huyo jamaa mwambie aache. Hili swali naletewa kila mara, na karibu kila anayelileta kashapitia kwa waganga wa usleep, au kaambiwa awashe TCP_NODELAY, au aongeze bafa (sehemu data inaposubiria), yaani kila kitu isipokuwa kusoma TCP inaahidi nini.

TCP haijui kitu kinaitwa mesej. Toka RFC 793 (hati ya kanuni zake) ya mwaka 1981 ni mtiririko wa baiti tu, zinafika kwa mpangilio uleule, basi. Ukipiga send mara mbili, recv (ya kupokea) inaweza kukupa zote kwa mkupuo, au nusu ya kwanza, au ya kwanza na kipande cha pili, na hapo TCP haijakosea popote. Kwenye laptop ulibahatika tu, loopback ya Linux (njia ya mashine kujitumia yenyewe) MTU yake, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ni baiti 65536, huko nje Ethernet kawaida ni 1500 kwa hiyo mesej ndefu lazima ikatwe. TCP_NODELAY nayo inazima algorithimu ya Nagle (inayosubiri kukusanya vipande vidogo) upande wa anayetuma, sasa anayepokea akichelewa kuita recv si zinamrundikania kwenye bafa vilevile? Usleep ndo mbaya kuliko zote maana ukijaribu ofisini inakubali, halafu siku pakiti ikipotea ikatumwa upya unarudi palepale, tena mbele ya mteja.

Mipaka weka mwenyewe. Tanguliza urefu kwa baiti 4 ukipitisha htonl (inazipanga baiti kwa mpangilio wa mtandao), upande wa pili soma hizo 4 kamili, ntohl (inazirudisha), ndo usome mesej. Soma kwa lupu sio recv moja, hata hizo 4 zinaweza kuja mbili mbili. Ikirudi 0 mwenzako kafunga, ikirudi -1 na errno (namba ya kosa) ni EINTR, yaani imekatizwa na signal, rudia. Send nayo inaweza kuchukua pungufu ya ulichoipa, lupu huko pia. Na urefu uwekee kikomo kabla ya malloc (kutenga kumbukumbu), la sivyo mtu anakuandikia 4GB anakumalizia RAM.

Kingine kinachoniudhi, send ikirudisha 200 maana yake kerneli YAKO (kiini cha OS) imezipokea baiti 200, sio kwamba zimefika. Nimeona watu wanaandika "imefika" kwenye database ya malipo kwa kutegemea hiyo namba! Hata ACK (uthibitisho wa kupokea) ya TCP ni kerneli kwa kerneli, programu ya upande wa pili inaweza kuwa ishakufa. Seva ijibu yenyewe kwa namba ya muamala, na ukiituma tena iitambue, isikate hela ya mtu mara mbili.