Mazoezi ya kulipia, yana maana?

SWALI: Mwanangu ana miaka 12, anacheza mpira wa miguu timu ya mtaa hapa Mtwara siku 3 kwa wiki. Kocha mwingine anataka nilipie siku 2 zaidi za mazoezi maalumu. Nikubali?

JIBU: Mama, kwanza nenda katazame kipindi kimoja. Watoto 20 wakipanga foleni nyuma ya mpira mmoja, unalipia kusimama. Kila mtoto awe na mpira wake, na kocha awe anasahihisha hata mguu dhaifu. Saa zote za michezo kwa wiki zisizidi umri wake, yaani saa 12, na siku 2 zinazobaki apumzike kweli. Akilalamika kisigino au chini ya goti, punguza: mifupa inarefuka, kano zinaivuta. Na anayekuahidi nafasi kwenye klabu ya Namungo, mwache aende zake.