Shangazi, aljebra imetugombanisha nyumba nzima

Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Houston, Texas, na mume wangu na watoto wawili. Wa kiume ana miaka 16, wa kike 14. Huu ni mwaka wa tatu tunawasomesha nyumbani. Masomo mengine yanakwenda, ila hisabati na lugha ya kigeni vimenishinda. Kijana amekwama Aljebra 2. Baba yake ana lori lake, akirudi usiku humkalisha mezani wafanye hesabu, na kila mara mwisho wake ni kelele. Sasa kijana hataki hata kukifungua kitabu. Mimi kidato cha nne nilipata C ya hisabati, lakini kitabu cha huku nikikitazama naona kama sijawahi kusoma. Kihispania tulinunua programu ya kompyuta, tumeanza na kuacha mara mbili. Kiswahili wanakielewa lakini wanajibu kwa Kiingereza. Mama mkwe yuko Tanga, kila Jumapili anapiga simu kuuliza wajukuu wake watarudi lini shule, na mume naye ameanza kusema warudishwe. Kaka yangu, mwalimu wa hisabati Morogoro, ananitia moyo, lakini nimechoka. Kijana anataka kusoma uhandisi. Je, Kiswahili kinaweza kuhesabiwa kama lugha ya kigeni? Na hii hisabati nifanyeje?
Mama wa Wawili

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, na pole zaidi kwa hizo kelele za usiku.

Nianze na hizo kelele, kwa sababu zinaumiza watu wawili unaowapenda. Kuanzia leo hesabu zisifunguliwe usiku. Baba aliyeshika usukani kutwa nzima, na kijana ambaye swali lile lile limemshinda tangu asubuhi, hawawezi kukaa meza moja saa tatu usiku wakaelewana. Hisabati iwe kipindi cha kwanza cha siku, dakika 45 mpaka saa nzima, kila siku ya masomo. Kipindi kikiisha, kitabu kifungwe hata kama swali limebaki katikati. Kijana akijua mateso yana mwisho, atakubali kukaa.

Sasa hesabu zenyewe. Mtoto anayekwama Aljebra 2 mara nyingi alipotelea nyuma zaidi, na mpangilio wa masomo wa Marekani unachangia. Kwetu aljebra, jiometri na trigonometria huchanganywa katika kila kidato. Huko shule nyingi, na vitabu vingi vya nyumbani, huenda na mwaka mmoja wa aljebra, kisha mwaka mzima wa jiometri, ndipo aljebra irudi. Katika mwaka huo wa katikati mengi husahaulika. Mwanao anapofungua kitabu cha Aljebra 2, mwandishi anamchukulia kama mtu aliyefanya milinganyo jana.

Kwa hiyo usimnunulie kitabu kipya. Chukua kile cha Aljebra 1, mpe mitihani ya mwisho wa kila sura, sura moja kwa siku, bila kumfundisha kitu kwanza. Utapaona mahali palipovunjika. Angalia hasa hesabu za sehemu (kama ½ na ¾), namba hasi, alama ya kutoa mbele ya mabano, na kuvunja x² − 5x + 6 kuwa (x − 2)(x − 3). Hapo ndipo wengi wameangukia. Akiandika kwamba (x + 3)² ni sawa na x² + 9, usimwambie amekosea. Mwambie aweke 1 mahali pa x pande zote mbili. Upande mmoja atapata 16, wa pili 10. Ataona mwenyewe kwamba kuna kitu kimepotea, na mtafute pamoja ile 6x. Njia hii ya kuweka namba badala ya herufi ifanyeni desturi, kwa sababu inampa kijana uwezo wa kujisahihisha bila mtu kumsimamia kichwani. Awe pia na daftari la makosa: swali alilokosa, kwa nini alikosa, na swali hilo hilo limefanywa upya baada ya siku chache.

Wewe nawe usijidharau. C yako ya kidato cha nne ni mali. Ulifundishwa mlinganyo wa mstari, y = mx + c, wao wanaandika y = mx + b. Ulikariri BODMAS, wao wanasema PEMDAS. Mambo ni yale yale yamebandikwa majina mengine, na ukikaa na kitabu wiki mbili peke yako, kabla watoto hawajaamka, mengi yatarudi. Hata hivyo sikushauri uwe mwalimu wake wa hisabati. Mna mengi mno ya kuzungumza wewe na mwanao, haifai kila mazungumzo yapitie kwenye milinganyo. Kazi yako ibaki kulinda ratiba, kusahihisha kwa kutumia kitabu cha majibu, na kujua yuko wapi.

Mwalimu unaye, na umemtaja kwa sentensi moja tu kana kwamba hana kazi: mjomba wao wa Morogoro. Sekondari zetu zinafundisha hisabati kwa Kiingereza, kwa hiyo lugha si kikwazo, na mahali pagumu atageukia Kiswahili. Saa nne asubuhi ya Jumamosi Houston, wakati wa kiangazi, Morogoro ni saa kumi na mbili jioni. Saa zenu zikirudishwa nyuma mwezi Novemba itakuwa saa moja usiku. Kipindi kimoja kwa wiki kwa video kinatosha, kijana aje na daftari lake la makosa. Na mlipe, mwanangu. Mlipe kama mnavyomlipa mwalimu yeyote wa tuisheni, ili kipindi kiheshimiwe pande zote mbili. Kumfundisha ndugu aliye mbali si jambo geni. Khan Academy, ambayo masomo yake ya hisabati ni ya bure na yatawafaa siku za katikati ya wiki, ilianza na Sal Khan mwaka 2004, akiwa Boston, akimsaidia hesabu binamu yake Nadia aliyekuwa New Orleans.

Usimkimbize ili afike kalkulasi, ile hisabati ya juu ya mabadiliko, kabla ya kumaliza sekondari. Shahada za uhandisi huanza na kalkulasi mwaka wa kwanza, na wanaoanguka hapo wengi huangushwa na aljebra yao mbovu. Mwaka huu aimalize Aljebra 2 kwa haki. Mwaka unaofuata achukue somo linalotangulia kalkulasi, ikiwezekana katika chuo cha jamii kama Houston Community College, ambako wanafunzi wa sekondari, wa nyumbani wakiwemo, huweza kusoma kozi za chuo wakifikia vigezo. Alama iliyotolewa na mwalimu wa nje, ikiwekwa kando ya alama ulizotoa wewe mama yake, itasaidia sana siku ya kuomba chuo.

Na baba? Asitupwe nje. Mwanamume anayemkalisha mwanawe mezani baada ya kuendesha kutwa nzima ni baba anayejali, na mwambie hivyo kabla hujamwambia lolote kuhusu ratiba mpya. Kisha mpe somo lililo lake. Lori lake lina gharama zisizobadilika kila mwezi, kama bima na malipo, na lina gharama za kila maili, dizeli ikiwa ya kwanza. Hiyo ni y = mx + b kamili: b ni gharama za mwezi, m ni gharama ya maili moja. Kijana achukue risiti za baba yake, achore mstari wa gharama, achore na wa mapato, atafute mistari hiyo inapokutana ili ajue ni maili ngapi lori linaanza kuleta faida. Hapo baba ndiye anayejua, na kijana ndiye anayekokotoa. Wafanye mchana wa siku ya mapumziko.

Kuhusu lugha, jibu ni ndiyo, Kiswahili kinaweza kuhesabiwa. Texas inaitambua shule ya nyumbani kama shule binafsi, na kesi ya Leeper iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1994 ilithibitisha hivyo. Mnatakiwa kufundisha kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Lugha ya kigeni haimo. Watakaoiuliza ni vyuo, na vingi vinataka angalau miaka miwili ya lugha moja. Ndiyo maana kuanza Kihispania, kuacha, kuanza tena, hakuwasaidii. Miaka miwili ya lugha moja ina uzito kuliko vipande vya lugha mbili.

Lakini kisiwe Kiswahili cha kuitikia "naam" jikoni. Mtoto anayeelewa na kujibu kwa Kiingereza ana masikio mazuri na mdomo mvivu. Atakuambia "kitabu yangu" na "watu mingi" bila kusita. Kwa hiyo ngeli zifundishwe kwa mpango, asome habari moja kila siku kutoka Mwananchi, BBC Swahili au DW kisha aisimulie kwa maneno yake, na kila wiki aandike insha ya ukurasa mmoja utakayoisahihisha kwa kalamu. Weka kila karatasi kwenye faili. Akifikia kuzungumza vizuri afanye mahojiano ya lugha ya ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, ambayo yapo kwa Kiswahili: mtahini humhoji kwa dakika 20 hadi 30, kisha humpa ngazi yake. Hicho ndicho cheti kitakachosema kwa niaba yake pale ambapo neno la mama halitoshi. Na kabla hujaanza, ziandikie ofisi za udahili za vyuo viwili au vitatu anavyovitaka, uulize wanahitaji ushahidi gani. Majibu yao yahifadhi kwenye faili hilo hilo.

Halafu kuna mama mkwe. Anauliza wajukuu watarudi lini shule kwa sababu haoni wanachosoma. Mfanye mwalimu wa mazungumzo. Kila Jumapili, nusu saa, kijana azungumze na bibi yake kwa Kiswahili tupu, akiwa na maswali aliyoyaandika: alisoma wapi, alipika nini siku ya harusi yake, Tanga ilikuwaje alipokuwa msichana. Baadaye aandike aliyosikia. Bibi wa Tanga atamrekebisha kila neno, wala hataona haya. Baada ya miezi michache atakuwa anajua maendeleo ya mjukuu wake kuliko wewe.

Binti ni habari nyingine. Ana miaka 14, ana muda, na Houston Kihispania kiko kila mtaa. Muulize yeye anataka kipi. Akichagua Kihispania, ana bahati ambayo wenzake wanaotokea kwenye Kiingereza hawana: irabu za Kihispania ni tano, a e i o u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Ile programu mliyoiacha mara mbili ibaki kuwa zoezi la pembeni. Mtafutie mtu wa kuzungumza naye uso kwa uso, hata jirani, mara mbili kwa wiki. Akifika mbali, upo mtihani wa CLEP wa Kihispania, na vyuo vingi humhesabia mwanafunzi kozi akiufaulu. Kiswahili kwake kisife, aongee na bibi kama kaka yake, ila asipewe alama.

Limebaki la kurudi shule. Usilichukue kama vita na mumeo. Kaeni wawili, watoto wakiwa wamelala, mpange tarehe: mwisho wa Desemba. Siku hiyo mfungue daftari la makosa na faili la Kiswahili, mtazame kama makosa ya Septemba bado ni yale yale. Kama hesabu zimesogea na nyumba imetulia, endeleeni. Kama kijana bado amefunga moyo, apelekwe shule ya serikali muhula wa Januari, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Uamuzi huo mfanye mkiwa na karatasi mezani, na kijana awepo, kwa sababu ana miaka 16 na masomo ni yake. Tena muulizeni yeye kwanza kabla hamjasema lenu.

Leo hii mpigie kaka yako.