Magari ya kasi ya miaka ya 2000: lipi litakuwa lulu?

SWALI: Fundi, hujambo. Nina miaka 43 na nimedunduliza akiba ninunue gari moja la kasi la miaka ya 2000, enzi nilipokuwa kijana wa kutamani tu bila uwezo. Nimebakiwa na machaguo matatu. La kwanza ni Honda S2000 ya mwaka 2001, haijaguswa popote ila imetembea kilomita 130,000. La pili ni Mitsubishi Lancer Evolution IX ya 2006, iliyobadilishwa turbo na egzosi. La tatu ni BMW M5 E60 ya 2007 yenye gia za SMG, zile zisizo na pedali ya klachi, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Rafiki yangu mmoja anasema yote yatapanda bei kama Nissan Skyline GT-R R34 na Toyota Supra. Mwingine ananicheka, anasema gari lenye kompyuta nyingi haliwezi kuzeeka vizuri. Nani mkweli, na nichukue lipi ikiwa nitakaa nalo miaka kumi?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Kazi yangu ni kukagua magari kabla mnunuzi hajatoa hela, kwa hiyo swali lako nakutana nalo mara kwa mara, na mara nyingi aliyeuliza ameshaamua moyoni. Nitasema kwanza ninavyoona: chukua S2000, lakini usiweke hesabu ya faida kwenye bajeti yako. Hao marafiki zako, kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Magari hupanda bei pale vijana waliobandika picha zake ukutani wanapofika umri wa kuwa na fedha. Wewe mwenyewe ni ushahidi. Lakini saa hiyo hulilia kila gari la kizazi kile, na mengi yanaendelea kuwa magari makuukuu. Yanayochomoza ni yale yenye kitu ambacho viwanda vimeacha kutengeneza. Hapo ndipo miaka ya 2000 ilipo na utajiri wa ajabu, maana ulikuwa muongo wa kuagana. Injini zilizovuta hewa zenyewe bila turbo na kuzunguka hadi mizunguko 8,000 au 9,000 kwa dakika zilifikia kilele chake wakati huo. Muda mfupi baadaye masharti ya moshi na matumizi ya mafuta yakazisukuma kando. M5 iliyofuata baada ya E60, ile ya mwaka 2011, ilikuja na V8 yenye turbo mbili. Gia za mkono nazo zilikuwa zinaaga. Ferrari 599 GTB zilizotengenezwa na gia za mkono ni 30 tu hivi, na leo wanunuzi hugombania hizo hizo ambazo zilipokuwa mpya karibu kila mtu alizipita.

Utaona sijataja kasi. Mwendo wenyewe umeshapoteza thamani. Gari la umeme la kubebea watoto shule linaweza kuiacha S2000 kwenye taa za barabarani bila dereva wake kukunja uso. Anayetafuta gari la muongo ule anatafuta mlio, usukani unaozungumza na mkono, na ile kazi ya kukanyaga klachi.

Uchache nao unasaidia, ila usiutegemee peke yake. Lexus LFA zilitengenezwa 500 tu, kati ya 2010 na 2012, na bado kuna chache zilizokaa kwenye maduka ya magari miaka kadhaa zikiwa mpya bila mnunuzi. Leo mambo yamegeuka kabisa. Upande wa pili kuna kisa cha Cadillac Eldorado ya 1976, iliyotangazwa kuwa gari la mwisho la Marekani la paa la kukunjwa. Watu walizinunua wakazifungia gereji, wakisubiri utajiri. Mwaka 1984 Cadillac ikarudisha Eldorado ya paa la kukunjwa, na baadhi ya walionunua wakaenda mahakamani kwa hasira. Kwa hiyo muuzaji akikuambia “hii ndiyo ya mwisho”, tabasamu tu.

Sasa huyo rafiki wa R34. Amesahau jambo moja kubwa. Sheria ya Marekani huruhusu gari ambalo halikujengwa kwa viwango vya usalama vya huko kuingia likishatimiza miaka 25. R34 haikuuzwa huko ilipokuwa mpya, kwa hiyo hamu ya soko zima ilizuiwa kama maji nyuma ya boma, na zile za kwanza, za 1999, zilipotimiza umri huo mwaka 2024, boma lilikuwa limeshaanza kuvuja zamani kwa watu kununua mapema na kusubiri. Magari yako matatu yote yaliuzwa Marekani yakiwa mapya. Hakuna maji yaliyokusanyika nyuma yake. Kama ungekuwa unaulizia Evolution IX ya kubebea mizigo, ile stesheni wagoni iliyouzwa Japani tu, hapo hoja yake ingekuwa na miguu.

Rafiki wa pili, wa kompyuta, simcheki. Lakini hofu yake ameielekeza kusikostahili. Kompyuta ya injini yenyewe hufa mara chache, na ikifa wapo mafundi wa bodi za elektroniki wanaoifufua. Kinachotesa ni vitu vidogo: soketi ya plastiki iliyokauka na kukatika masikio, sensa iliyoacha kutengenezwa, moduli iliyosajiliwa kwa namba ya chesi ya gari moja kiasi kwamba ukinunua nyingine kwenye gari bovu, yako inaikataa. Gari linaokolewa na idadi ya wenye nalo wanaolipenda, kwa sababu penye wanunuzi wa vipuri ndipo mtu hutengeneza vipuri. Toyota imerudia kutengeneza baadhi ya vipuri vya Supra za zamani, na Nissan imefanya hivyo kwa Skyline GT-R R32. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Upande huu S2000 yako ya 2001 imekaa vizuri, maana hata pedali ya mafuta bado inavuta waya wa chuma hadi kwenye injini. Dashibodi yake ni ya kidijitali na usukani unasaidiwa na mota ya umeme, basi.

Nianze na M5, kwa sababu bei yake ndiyo itakayokutia majaribuni. Injini yake ni V10 ya lita 5, nguvu farasi 507, na inazunguka hadi 8,250. Sijawahi kuiwasha moja nisicheke peke yangu. Lakini beringi za konrodi zake, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, huisha mapema, na zikiisha kabisa hupasua injini nzima, kwa hiyo wenye busara huzibadilisha kama matengenezo ya kawaida, wasingoje dalili. Kila silinda ina vali yake ya kupitisha hewa, kumi kwa jumla, zinazoendeshwa na mota mbili za umeme ambazo nazo huchoka. Pampu ya haidroliki ya gia za SMG ikifa, gari halibadilishi gia hata moja. Bei ndogo unayoiona ni malipo ya kwanza tu, mengine yanakuja nyuma.

Kama bado unaitaka, fanya hivi. Mwambie fundi amwage oili, achukue filta ya zamani asiitupe. Ikate ile karatasi kwa kisu, ikunjue mikunjo yake moja moja kwenye kitambaa cheupe, kisha itoe juani. Weusi ni wa kawaida. Ukiona vimetameta vya rangi ya shaba, kama vumbi la kipuli, ujue beringi zinaliwa, na bei mliyokubaliana haina maana tena. Muuzaji akikataa filta isikatwe, amekujibu tayari. Halafu kuna suala la gia: M5 hii ilipata gia za mkono Amerika Kaskazini tu, na kwa maoni yangu hizo ndizo zitakazowekwa kabatini. Yenye SMG itapendwa, ila nadhani itabaki nyuma yake siku zote.

Evolution IX ni hadithi nyingine. Ndiyo Evolution ya mwisho kutumia injini ya 4G63, ile ya chuma iliyotamba na Mitsubishi tangu mbio za magari za zamani. Iliyofuata ilibeba injini mpya ya alumini. Kwa asili yake ina sifa zote. Tatizo ni kwamba karibu kila aliyeimiliki alikuwa na rafiki mwenye spana. Evolution isiyoguswa imekuwa adimu kuliko idadi iliyotoka kiwandani, na soko la wakusanyaji linalipia hiyo adimu. Muulize mwenyewe turbo na egzosi za kiwandani ziko wapi. Kama ziko kwenye boksi, pamoja na risiti za kazi iliyofanyika, ongea bei. Kama aliziuza, hesabu gari hilo kuwa la kufurahia tu.

Na ukienda kuikagua, angalizo moja. Watu hubeba kile kipimo rahisi cha unene wa rangi kinachotumia sumaku. Kwenye Evolution IX boneti, paa na fenda za mbele ni alumini, kwa hiyo kipimo hicho kitakaa kimya na wewe utadhani kimeharibika. Beba kinachosoma metali zisizo na sumaku pia. Niliwahi kukagua moja iliyoitwa “rangi ya kiwandani”. Milango ilisoma mikroni 110, 115, 112, safi kabisa, halafu ubavu wa nyuma kushoto ukasoma 480. Nikafungua buti, nikainua zulia, nikakuta bati limechomelewa na kupakwa utomvu mweusi kufunika mshono. Mwenye gari alishangaa kuliko mimi, na nilimwamini, kwa sababu naye alikuwa ameinunua kwa mtu.

Turudi kwa S2000. Ilianza 1999 na ikakoma 2009, na haikuwahi kutoka na gia za otomatiki hata siku moja, kwa hiyo huna haja ya kutafuta “ile sahihi”. Injini yako ni ya lita 2.0 inayofika mizunguko 9,000. Zilitengenezwa zaidi ya 100,000, kwa hiyo usitegemee bei ya kurusha roho, ila wingi huo ndio unaofanya vipuri vipatikane. Kilomita 130,000 hazinitishi zikiwa na kitabu cha sevisi. Kinachonitisha ni dereva aliyekuwa gia ya tano, akataka ya nne, mkono ukaingia ya pili. Hapo kikomo cha mizunguko kinachowekwa na kompyuta hakisaidii kitu, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na vishikizo vya springi za vali hupata nyufa. Gari linaweza kutembea hivyo hivyo miezi kadhaa kabla vali haijadondoka. Liwashe likiwa baridi kabisa na usikilize upande wa mnyororo wa taimingi: mkwaruzo wa kama mahindi kwenye kikaango ni kikaza mnyororo kilichochoka, si msiba. Angalia pia sehemu ya nyuma ya bodi kwa makini, maana zile za mwanzo zilikuwa na tabia ya kurusha mkia kwenye kona zenye maji, na nyingi zilipiga ukuta kinyumenyume.

Kuhusu hela, fanya hesabu hii kabla hujalala. Sema gari linagharimu 100. Bima, sevisi, matairi na mahali pa kulilaza vikila 6 kila mwaka, miaka kumi ni 60. Unahitaji kuuza kwa 160 ili tu urudi ulipoanzia, na hapo hatujagusa mfumuko wa bei. Kwa M5, weka 12 badala ya 6. Na usidhani kulifungia bila kuliendesha kutapunguza gharama. Sili hukauka, petroli huharibika, matairi hupata bapa upande mmoja. Hata tairi lenye kashata nzima linaweza kuwa limekufa. Tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji wa S2000 akuruhusu upime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne injini ikiwa moto, kisha niandikie namba zote. Nitaangalia kwanza tofauti kati ya silinda na silinda, ukubwa wa namba tutaujadili baadaye.