Mbona galaksi yangu ni kijiwingu tu?

SWALI: Nina darubini ya Dobson, kioo milimita 200, urefu wa fokasi 1200. Nikiwa ufukweni Kayenze naipata galaksi M83, ila sioni ile mikono iliyojizungusha kama kwenye picha. Je, kioo kina kasoro? Nimeshauriwa ninunue kichujio cha kukata mwanga wa taa. – Msomaji, Ilemela

JIBU: Kioo chako hakina neno. Tatizo ni pale uliposimama. M83 hupita upande wa kusini, na ukiwa Kayenze kusini kwako ndiko liliko jiji la Mwanza lenyewe. Galaksi iliyotugeuzia uso mwanga wake umetandazwa, kama samli kidogo kwenye chapati kubwa: hii ni pana kuliko theluthi ya mwezi. Anga likipauka kidogo tu, mikono inafutika, kinabaki kiini.

Hamia upande wa Misungwi, kusini mwa jiji. Jiji litabaki mgongoni, na taa za wavuvi wa dagaa pia (nao wanawinda usiku usio na mwezi, kama wewe). Katikati ya Juni, yapata saa tatu usiku, nyota angavu Spica iko karibu na utosi. Nyoosha mkono, shuka ngumi mbili kuelekea kusini. M83 iko hapo.

Toa darubini nje saa moja kabla, kioo kipoe. Macho yanahitaji nusu saa ya giza; ukichungulia simu mara moja, unaanza upya. Itafute kwa lenzi ya kuchungulia ya milimita 25, kisha weka ya 12, yaani ukuzaji wa mara 100 (fokasi 1200 gawa kwa 12). Anga litafifia pamoja na galaksi, lakini umbo likikua jicho hulishika kwa urahisi zaidi. Sasa usiikodolee. Tazama nyota ya pembeni huku akili iko kwenye galaksi, na uguse bomba la darubini kidogo litikisike, maana jicho gizani hunasa kinachosogea. Kwanza kitatokea kiini, halafu upau hafifu unaokipitia, halafu mkono mmoja uliopinda kama ndoano. Vyote kijivu; rangi ni za kamera.

Kichujio acha. Mwanga wa galaksi ni wa nyota, una rangi zote, kwa hiyo kitaukata nao. Pesa hiyo weka mafuta ya kwenda Misungwi.

Na usiku ukienda, nyota nazo zikianza kuvimba na kufifia, huo ni umande kwenye kioo kidogo cha juu. Usiufute kwa kanga, utakikwaruza. Upepee mpaka ukauke.