Maswali yenu: Wanyama wa jangwani hunywa wapi?

Safari hii tumefungua mfuko wa maswali kuhusu wanyama wa jangwani na wa nchi kavu. Yaliyofanana tumeyaunganisha. Wengi mmeuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: huko wanakunywa nini?

Mwalimu alituambia Dodoma ni nusu jangwa. Je, Tanzania ina jangwa kweli? (Mwanafunzi, Kondoa)

Jangwa kamili, hapana. Kipimo kinachotumika sana ni mvua: pasipofikia milimita 250 kwa mwaka ndipo huhesabiwa jangwa. Dodoma hupata zaidi ya mara mbili ya hapo, ila mvua yenyewe hunyesha miezi michache tu kisha inakata. Karibu na Olduvai kuna lile tuta la mchanga mweusi unaohama, na wageni hupiga picha wakijiona wamefika Sahara, kumbe ni majivu ya volkano yanayosukumwa na upepo. Ukitaka jangwa lenyewe Afrika Mashariki, nenda Chalbi, kati ya mji wa Marsabit na Ziwa Turkana nchini Kenya. Zamani pale palikuwa ziwa; leo ni uwanda wa chumvi na udongo uliopasuka, na mvua kubwa ikinyesha panafurika kwa muda kisha panakauka tena.

Mimi ni dereva, napita njia ya Isiolo kwenda Marsabit kila wiki. Choroa nawaona mbali kabisa na mto, tena wamenona. Hao wanaishije bila maji? (Msomaji, Isiolo)

Jicho lako zuri. Choroa, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu, akipata maji hunywa, lakini akiyakosa hafi upesi kama ng'ombe. Mbinu zake kubwa ni mbili, na zilichunguzwa hukohuko Kenya miaka ya 1960 na Mmarekani mmoja mtaalamu wa miili ya wanyama, Richard Taylor.

Kwanza ni joto. Binadamu mwili ukianza kupanda joto anatoka jasho ili apoe, na jasho ni maji yanayopotea. Choroa mwenye kiu hafanyi hivyo. Anauacha mwili upande joto hadi kufikia nyuzi 45, ambapo wewe na mimi tungekuwa tumeshazikwa. Usiku ukiingia, joto lile linaondoka lenyewe na ubaridi wa hewa, hakuna tone lililotumika. Utauliza: na ubongo je? Ubongo hauwezi kustahimili nyuzi 45. Damu inayopanda kichwani hupita kwanza kwenye wavu wa mishipa myembamba sana chini ya ubongo, na wavu huo umezungukwa na damu inayorudi kutoka puani, ambayo imeshapozwa na pumzi. Kwa hiyo mwili unachemka, kichwa kina nafuu.

Pili ni saa ya kula, na hapa ndipo mimi humvulia kofia. Katika nchi ile kuna kichaka ambacho majani yake ukiyachuma saa nane mchana yanasagika mkononi kama tumbaku. Taylor aliyapima akakuta maji ndani yake ni asilimia 1 hivi. Usiku hewa ikipoa na unyevu ukapanda, majani hayohayo yaliyokauka huvuta unyevu hewani mpaka maji yake yakafika asilimia 40. Choroa anayekula kichaka hicho usiku wa manane anakula na kunywa kwa mdomo mmoja. Basi ukimwona amesimama kivulini mchana kutwa usidhani ni mvivu. Yeye ni wa zamu ya usiku.

Swala twiga, yule mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu miwili kula majani ya mgunga, ni vigumu sana kumkuta akinywa. Majani mabichi na machipukizi anayoyachagua kwa makini yanamtosha.

Ni kweli ngamia anahifadhi maji kwenye nundu? (Wengi, kutoka Nakuru, Tabora na Bujumbura)

Si kweli, na nashangaa jibu hili bado linapewa alama ya vema kwenye madaftari ya watoto. Ndani ya nundu ni mafuta. Ni akiba ya chakula, na kuyaweka mgongoni pamoja badala ya kuyatandaza mwili mzima kunamsaidia kupoteza joto. Kuna wanaojitetea kwamba mafuta yakiunguzwa mwilini hutoa maji. Hutoa, lakini kuyaunguza kunahitaji hewa nyingi, na kila pumzi inatoka na unyevu, hivyo hasara inazidi faida.

Maji yanakaa mwilini mwote na damuni, na ujuzi wa ngamia ni kutoyapoteza. Mkojo wake ni mzito, kinyesi kikavu kiasi cha kuwashiwa moto karibu mara moja, na joto la mwili wake linaruhusiwa kucheza kati ya nyuzi 34 na 41 kwa siku. Anaweza kupoteza maji ya robo ya uzito wake akaendelea kutembea. Kisha akifika kisimani hunywa zaidi ya lita 100 kwa muda mfupi tu. Mnyama mwingine akinywa hivyo chembe zake nyekundu za damu zingevimba na kupasuka. Za ngamia zina umbo la yai na hutanuka bila kupasuka.

Punda wetu hapa Lamu wameletwa kutoka wapi? Mzee mmoja anasema Uarabuni. (Msomaji, Lamu)

Safari ya mwisho huenda ilikuwa hiyo, maana majahazi yalibeba kila kitu. Lakini kwao asili ni Afrika. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wanatokana na ufugaji mmoja ulioanzia Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Babu yao ni punda mwitu wa Afrika, ambaye bado yupo, lakini ni mia chache tu waliobaki, katika majangwa ya Eritrea na nyanda za Afar nchini Ethiopia. Ni sehemu zenye joto kali kuliko karibu mahali popote duniani, mawe meusi na majani ya kuhesabu.

Simama nyuma ya punda yeyote pale forodhani ukatazame mgongo wake. Wengi wana mstari mweusi unaotoka shingoni hadi mkiani, na mwingine unaokatiza mabegani. Ni alama ya ukoo. Punda mwitu wa Kisomali yeye ana mistari miguuni, kama aliyevaa soksi za punda milia. Hata tabia ya kukazana mahali pamoja anapoogopa, ambayo sisi huiita ukaidi na kumchapa kwa ajili yake, wataalamu wanaihusisha na maisha ya jangwani. Kule chakula ni haba, kila mmoja anajitegemea, hakuna kundi kubwa la kukimbia nalo, kwa hiyo ni afadhali kusimama na kupima hatari kwanza. Nasema tu, kwa wenye fimbo.

Assalamu alaykum. Sisi tuko Muscat. Baba mkwe anasema maha, choroa weupe, waliisha kabisa Oman. Mbona leo wapo? (Msomaji, Muscat)

Wa alaykum salaam. Baba mkwe wako amesema kweli, na wewe pia umesema kweli.

Choroa wa Arabuni zamani alienea karibu rasi nzima. Bedui kwa ngamia na bunduki ya zamani hakuweza kuwamaliza. Waliomaliza ni watu wa magari na bunduki za kisasa, baada ya mafuta kuleta fedha. Kufikia mwaka 1972 wa mwisho waliokuwa huru waliuawa katika uwanda wa Jiddat al-Harasis, humo Oman.

Bahati ni kwamba miaka kumi kabla, 1962, watu walishaona balaa linakuja. Msafara uliongozwa na Ian Grimwood, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa idara ya wanyamapori Kenya, ukaenda mpakani mwa Yemen na Oman kuwakamata wachache waliosalia. Waliopatikana walipitishwa Kenya kwanza, kisha wakapelekwa bustani ya wanyama ya Phoenix huko Arizona, Marekani, ambako hali ya hewa ni ya jangwa. Hao wakaunganishwa na wengine waliotoka kwa watawala wa Saudia na Kuwait na mmoja wa London. Wote kwa pamoja tisa tu! Wakazaana. Sultan Qaboos akaomba warudishwe, na Januari 1982 kundi la kwanza likaachiwa huru Jiddat al-Harasis, walinzi wao wakiwa watu wa kabila la Harasis wenyewe, wanaosoma nyayo mchangani kama wewe unavyosoma gazeti.

Lingeishia hapo lingekuwa jambo zuri. Mwaka 1994 hifadhi ile iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 1996 choroa walifika 450. Ndipo majangili wakaingia, safari hii wakitaka wazima, hasa majike, kwa ajili ya kuuzwa kwa wenye bustani zao binafsi. Mwaka 2007 walikuwa 65. Serikali ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, na mwaka huohuo UNESCO ikaifuta kwenye orodha. Ilikuwa mara ya kwanza mahali popote duniani kufutwa. Binafsi naona aibu ile ilisaidia zaidi ya sifa za mwanzo. Leo kundi la Oman linalindwa ndani ya uzio katika jimbo la Al Wusta, wengine wapo Saudia, Falme za Kiarabu, Jordan na Israel, na tangu 2011 wamehesabiwa kuwa na nafuu kidogo kuliko kundi la walio hatarini kabisa. Watoto wapeleke wakawaone.

Nimeona picha ya tembo juu ya mchanga mtupu. Ni ya kweli au ya kompyuta? (Msomaji, Mbeya)

Siku hizi kuuliza ni busara, lakini tembo wa namna hiyo wapo: kaskazini magharibi mwa Namibia, mkoa wa Kunene. Si aina tofauti, ni tembo wetu wa savana waliojifunza nchi ngumu. Hufuata mito ya mchanga kama Hoanib, huchimba visima kwa miguu na mkonga, na huweza kupitisha siku kadhaa bila kunywa. Visima wakiviacha, wanyama wengine hunywa. Kwenye mwambao wa huko kuna simba wanaowinda sili, wanyama wa baharini, ufukweni.

Huko kwenye jangwa la Namib, hata hivyo, ninayemkubali zaidi ni mbawakawa mmoja mweusi. Ukungu ukiingia kutoka Atlantiki alfajiri, hupanda hadi kilele cha tuta la mchanga, anainamisha kichwa na kunyanyua makalio kuelekea upepo. Ukungu unaganda mgongoni, matone yanateremka hadi mdomoni.

Wanafunzi wangu hawatofautishi punda milia wa Samburu na yule wa Mara. Niwaambieje? (Mwalimu, Maralal)

Waambie watazame tumbo, mwalimu. Wa Mara mistari yake mipana inazunguka mpaka chini. Wa Samburu, aitwaye punda milia wa Grevy, ana mistari myembamba iliyobanana na tumbo jeupe. Masikio yake ni makubwa ya mviringo, na akilia utadhani punda wa nyumbani. Jina limetokana na Jules Grévy, rais wa Ufaransa, aliyezawadiwa mmoja kutoka Uhabeshi mwaka 1882. Miaka ya 1970 walikadiriwa 15,000. Leo ni kama 3,000 duniani, karibu wote kaskazini mwa Kenya, wachache Ethiopia. Dume huweza kukaa siku tano bila maji, lakini jike anayenyonyesha lazima anywe kila siku au baada ya siku moja. Ndiyo sababu kisima kikizungukwa na mifugo usiku na mchana, anayeumia kwanza ni mtoto.

Asubuhi kwenye bwawa letu huja ndege kama njiwa, makundi makundi. Madume yanalowesha kifua na kuruka. Yanaoga? (Msomaji, Wajir)

Hayaogi, yanateka maji. Hao ni firigogo. Manyoya ya kifua na tumbo ya dume hushika maji kama sifongo, naye huyabeba kilomita nyingi hadi kwa vifaranga, ambao huyanyonya kwa kuvuta manyoya kwa mdomo. Mwingereza mmoja aliliandika jambo hili mwaka 1896 baada ya kuwafuga, wakubwa wakambishia kwa miaka sabini, mpaka watafiti walipolithibitisha Kalahari mwaka 1967. Nyinyi wachungaji wa Wajir mngeulizwa, lingeisha siku moja.

Nataka kuwaona. Niende wapi, na lini? (Msomaji, Morogoro)

Kwako karibu ni Mkomazi, kuna choroa na swala twiga. Ukiweza kuvuka mpaka, Samburu na Buffalo Springs kando ya Ewaso Nyiro utaongeza punda milia wa Grevy na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya buluu. Nenda miezi ya kiangazi, Julai hadi Septemba, wanyama wanapokusanyika mtoni. Toka saa kumi na mbili alfajiri, na dereva akisema mpumzike saa sita mchana mkubalie, maana mtakaowatafuta wamejilaza vichakani.