Pacer, basi lililopandishwa relini: maswali yenu na majibu

Mwezi uliopita niliitaja hapa, kwa sentensi moja tu, treni iliyokuwa ikinipeleka kazini miaka tisa niliyoishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Treni ile inaitwa Pacer. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko makala yote niliyoandika mwaka huu. Nimechagua maswali machache, nitayajibu moja moja.

Shikamoo mama. Nasoma uhandisi wa mitambo Dodoma. Nimeona watu wanasema Pacer ilikuwa basi. Ni kweli, au ni matusi tu ya abiria waliochoka nayo?

Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na walioiunda hawakuficha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 shirika la reli la British Rail lilikuwa na treni za dizeli za miaka ya 1950 zilizokwisha kuzeeka, na serikali haikuwa tayari kutoa hela ya kununua nyingine za maana. Kampuni ya Leyland nayo ilikuwa na basi lake la Leyland National, likiundwa Workington kwa vipande vinavyofanana. Ukitaka basi refu unaongeza kipande, ukitaka fupi unapunguza. Wakaichukua bodi ile wakaikalisha juu ya chasisi iliyotokana na utafiti wa mabehewa ya mizigo yaendayo kasi. Gari la kwanza la majaribio, LEV1, lilitoka mwaka 1978.

Mwaka 1984 aina ya 141 ikaanza kubeba abiria Yorkshire. Hizo zilikuwa nyembamba kama basi la barabarani hasa. Mwaka uliofuata ikaja 142, iliyotanuliwa kidogo, na hiyo ndiyo iliyokuwa nyingi, seti 96, yaani treni fupi za mabehewa yaliyounganishwa. Baadaye 143 na 144, ambazo bodi zake ziliundwa na Alexander wa Scotland, nao pia mafundi wa mabasi. Jumla ni seti 165 ukiihesabu na ile moja ya mfano, aina ya 140. Kila behewa lilikuwa na injini yake ya Leyland ya nguvu za farasi 200 chini ya sakafu. Milango ilikunjwa kama ya basi la mjini, na viti vya mwanzo vilikuwa vya basi, vya benchi, watatu upande huu na wawili upande ule.

Nimestaafu karakana ya reli Tabora. Naambiwa hizi treni zilikuwa zikipiga kelele kwenye kona mpaka watu wanaziba masikio. Kwani hazikuwa na bogi?

Shikamoo mzee wangu. Umegusa penyewe.

Kwa wasomaji wengine: sisi abiria tukisema bogi huwa tunamaanisha behewa zima. Mzee anasema bogi la fundi, yaani kile kigari cha magurudumu kilicho chini ya behewa, kimoja mbele na kimoja nyuma, kinachojigeuza chenyewe treni inapoingia kona. Pacer haikuwa nacho. Behewa lake lilikuwa na urefu wa mita 15 na nusu hivi, na chini yake ekseli mbili tu zilizoachana mita 9.

Mwite kijana anayesukuma mkokoteni mrefu sokoni, mwambie akate kona kwa ghafla. Magurudumu hayataki kugeuka, yanakwaruza chini. Sasa fanya magurudumu yawe ya chuma, yawe yamekazwa kwenye ekseli moja ili la ndani na la nje yazunguke sawasawa ingawa la nje lina njia ndefu zaidi, halafu weka juu yake tani 25. Gurudumu linateleza, ukingo wake unasaga ubavu wa reli, na chuma kinalia. Si kelele ya kuguna, ni mlio mwembamba, mkali, unaoingia kwenye meno. Nimewahi kumwona mtoto mchanga aliyekuwa amelala mgongoni kwa mama yake anaamka na kukunja uso kabla hata hajaanza kulia, kona ikaisha, akalala tena.

Kwenye njia iliyonyooka kulikuwa na jambo jingine. Ekseli zilikaa mbali na ncha za behewa, kwa hiyo mbele na nyuma kulining'inia kama mita tatu kila upande. Reli za zamani zimeungwa kwa vipande na boliti, na kila gurudumu linapopita kwenye muungio, behewa linainamisha kichwa. Ndiyo maana Waingereza walizibandika jina la punda anayetikisa kichwa. Ukishika bomba la kusimamia ulilihisi linatetemeka mpaka kwenye kiwiko, na chai ndani ya kikombe ilichora duara baada ya duara.

Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ndiko zilikoaibika zaidi. Seti 13 zilipelekwa huko mwaka 1985, zikapakwa rangi ya chokoleti na maziwa, zikapewa na jina lake zuri, Skipper. Njia za kule zinapita mabondeni kuelekea baharini, kona juu ya kona. Magurudumu yalilika haraka kiasi kwamba kufika mwaka 1987 zilikwisha kuondolewa, zikapelekwa kaskazini. Hakuna aliyehitaji kupiga hesabu ngumu kulijua hilo mapema. Ekseli mbili zilizoachana mita 9 hazikuwahi kufaa kwa njia za namna ile.

Gia boksi nazo, mzee wangu, zilisumbua mwanzoni kwa sababu zilikuwa za basi. Miaka ya 1990 nyingi zikafungwa injini za Cummins na gia za maji za Voith, na kuanzia hapo mafundi wakapumua.

Dada yangu, mimi ni muuguzi Bradford. Nilipanda Pacer miaka kumi na moja, nikichelewa zamu na kushuka nikiwa na maumivu ya mgongo. Kuna zuri gani la kusema juu yake?

Pole, dada, na sitakubishia mgongo wako. Nina wa kwangu. Lakini zuri lipo, na ni kubwa.

Turudi mwaka 1983. Mwezi Januari ilitoka ripoti ya kamati ya Sir David Serpell, iliyoundwa na serikali ya Margaret Thatcher kuchunguza fedha za reli. Mojawapo ya mapendekezo yaliyowekwa mezani ilikuwa kubakiza kilomita 2,600 hivi tu za reli katika nchi nzima, zile zinazojilipa zenyewe. Miaka ishirini nyuma yake, Dk. Richard Beeching, mwenyekiti wa reli za Uingereza wakati huo, alikuwa amekwisha kupitisha panga lake, na maelfu ya kilomita zilifungwa. Kwa hiyo watu wa miji midogo ya Yorkshire na Lancashire hawakuwa na hofu ya bure. Walikuwa wamekwisha kuona stesheni zikipigwa mbao madirishani.

Pendekezo hilo halikutekelezwa. Lakini njia ndogo zilibaki na swali lilelile: nani atanunua treni mpya kwa ajili ya abiria arobaini wa asubuhi? Jibu lilikuwa Pacer, kwa sababu ilikuwa rahisi kuinunua na rahisi kuiendesha. Behewa lake lilikuwa na tani 25, wakati la Sprinter, treni ya dizeli ya kawaida ya wakati uleule, lilipita tani 35. Tani kumi pungufu ni dizeli kidogo, na reli haichoki upesi. Mbio zake zilifika kilomita 120 kwa saa, na kwa njia zenye stesheni kila baada ya dakika tano zilitosha na kubaki.

Mamlaka ya usafiri ya West Yorkshire iliingiza fedha zake kwenye treni hizo, na miaka hiyohiyo ikawa inafungua stesheni badala ya kufunga. Slaithwaite ilirudi mwaka 1982. Saltaire, ule mji wa kiwanda cha sufu alioujenga Titus Salt, ilirudi 1984, na leo watalii wanashuka pale kwa mamia. Ungekuwa unapanda nini, dada, kama wangesubiri mpaka ipatikane treni nzuri? Ungekuwa unapanda basi la barabarani, kwenye foleni, na reli ingekuwa njia ya kutembeza mbwa. Mimi nasema hivi kwa moyo wangu wote: treni mbaya iliyokuwepo iliwapa watu njia iliyopo mpaka leo.

Na kuna siku zilikuwa tamu. Njia yangu ilikwenda Knaresborough, na kabla tu ya stesheni treni inavuka daraja refu la mawe juu ya mto Nidd. Madirisha ya Pacer yalikuwa makubwa, ya basi. Asubuhi za masika ukungu ulikuwa umelala mtoni, mitumbwi ya kukodisha imefungwa kando, na abiria wote, hata waliokuwa wakinung'unika tangu Leeds, walinyamaza na kutazama nje.

Zilikuwa salama?

Kwa kazi ya kila siku, ndiyo, zilibeba watu miaka zaidi ya thelathini. Lakini mwepesi akigongana na mzito, anayeumia anajulikana. Tarehe 23 Juni 1999, Pacer tupu ilipita taa nyekundu Winsford, Cheshire, ikagongwa kwa nyuma na treni ya mwendo kasi. Hakuna aliyekufa, kwa rehema za Mungu. Bodi ya Pacer iling'oka na kuhama kwenye chasisi yake. Fikiria ingekuwa imejaa. Kwa hili sina utetezi.

Mwanangu anatumia kiti mwendo, tunaishi Manchester. Kwa nini tulilazimika kusubiri hadi juzi ndipo tuweze kupanda treni pamoja kama watu wengine?

Mama, swali lako ndilo lililonikalisha muda mrefu kuliko yote.

Pacer ilikusudiwa kuishi miaka 20 isizidi. Hayo yalijulikana tangu ilipochorwa. Kwa hesabu hiyo, zote zilipaswa kuwa chuma chakavu kufikia mwaka 2007. Ngazi zake za kuingilia zilikuwa za juu, mlango una nguzo katikati, na choo hakikuingilika kwa kiti mwendo. Mwaka 1985 wachoraji hawakumfikiria mwanao. Ni kosa, ila ndiyo yalikuwa mawazo ya wakati ule. Waliokuja baadaye ndio wasio na udhuru. Mkataba baada ya mkataba wa kuendesha treni za kaskazini uliandikwa bila kudai mabehewa mapya, wakati London inajengewa njia mpya chini ya ardhi.

Hata ilipofika 2015, maofisa wa wizara ya uchukuzi walisema kuziondoa Pacer hakulingani na thamani ya fedha itakayotumika. Waziri Patrick McLoughlin ilibidi atoe agizo la maandishi kuupita ushauri wa katibu mkuu wake ndipo sharti la kuziondoa likaingia kwenye mkataba mpya wa kaskazini. Nilipoisoma habari ile nilikasirika na kufurahi kwa pamoja. Thamani ya mtoto kupanda treni na mama yake iliingizwa safu gani ya hesabu zile?

Sheria ya kuwawezesha walemavu kupanda treni iliweka ukomo wa tarehe 1 Januari 2020. Hata ukomo huo uliongezwa muda, kwa sababu treni mpya za kampuni ya CAF zilichelewa. Za kaskazini zilitoka kazini Novemba 2020, na za mwisho kabisa, huko Wales, mwezi Mei 2021. Kwa hiyo mwanao alisubiri zaidi ya miaka kumi baada ya siku ambayo treni ile ilipaswa kuwa imezikwa. Anadaiwa samahani, na mimi sijaisikia ikitolewa.

Habari kutoka Nairobi. Kwa nini zisiletwe huku badala ya kukatwakatwa? Sisi tunabanana kila asubuhi.

Nzuri, ndugu yangu. Kizuizi cha kwanza ni upana wa reli. Pacer imeundwa kwa reli ya milimita 1,435. Reli ya zamani ya Nairobi, kama ya zamani ya Tanzania na Uganda, ni ya mita moja. Kwenye treni yenye bogi, fundi anaweza kuondoa bogi zima na kuweka la upana mwingine. Kwenye Pacer ekseli imeshikwa na chasisi yenyewe, na ungekuwa unaunda gari upya. Ndiyo maana treni za dizeli zilizotumika mlizoletewa mwaka 2020 zilitoka Mallorca, Hispania. Reli ya kisiwa kile nayo ni ya mita moja.

Je, kwenye SGR, ambayo ni milimita 1,435? Upana unakubali, lakini ile ni njia ya safari ndefu, Mombasa hadi Nairobi. Nisingemtakia mtu saa tano za Pacer. Iran walijaribu. Walinunua seti 12 za aina ya 141 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hazikudumu huko. Ninyi daini treni mpya zenye milango mipana na sakafu inayolingana na jukwaa. Gari la muda lina tabia ya kukaa.

Zilizobaki ziko wapi?

Nyingi zimekatwa. Seti ya kwanza ya 142, namba 142001, imehifadhiwa na makumbusho ya taifa ya reli, huko Shildon. Kadhaa zimechukuliwa na reli za kihistoria zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, mojawapo Keighley na Worth Valley huko Yorkshire. Reli hizo huruhusiwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kwa mwendo huo kelele za kona hupungua, mgongo haulalamiki, na yale madirisha ya basi yanafanya kazi yake. Ukifika Yorkshire, kaa upande wa bonde.